Mimea Ikaayo: Matembezi katika Bustani za Bushi

Leo twataka kuwachukua wasomaji pamoja nasi katika matembezi ya siku chache. Hatuendi mbali: tutatoka mji wa Bukavu na kupanda Kabare, halafu tutateremka upande wa Katana kando ya Ziwa Kivu, na mwisho tutafika Walungu. Hatuendi kuwatazama gorila wa mlima Kahuzi, wala majumba makubwa ya wataalamu kule Lwiro. Twaenda kutazama kilicho nyuma ya nyumba za watu.

Mgeni aonaye vilima vya Bushi kwa mara ya kwanza huuliza: Mashamba haya ni mengi, lakini wenyewe wanalala wapi? Huuliza hivyo kwa sababu nyumba hazionekani. Aona mashamba ya maharagwe na mihogo yaliyogawanywa vipande vipande kama nguo yenye viraka, na huku na huku kisitu kidogo chenye majani mengi. Kila kisitu ni migomba, na katikati ya migomba mna nyumba. Asubuhi moshi hupenya kati ya majani, jogoo awika ndani yake, ndipo mgeni afahamu kwamba alikuwa akiutazama mji wa mtu.

Basi mwenyeji wa Bushi ana bustani za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya jembe: maharagwe, mahindi, viazi vitamu, mtama. Mvua za Septemba zaja, mama alima na kupanda. Mwezi wa Januari avuna, halafu aanza tena mpaka kiangazi cha Juni. Mimea hiyo yote ni ya kupita. Bustani ya pili ni ile iizungukayo nyumba, ambayo jembe haliipindui kila msimu: migomba, mikahawa, mti wa avoka, mubirizi, maua ya mlangoni. Hiyo ni mimea ya kukaa. Aliyeipanda aweza kufa, na mjukuu wake akaila. Twapenda kusema juu ya hiyo, na tuanze na mkubwa wake.

Mama, binti na mjukuu

Mgomba, kwa kweli, si mti. Likate shina lake kwa panga, nawe utaona kwamba ni mashina ya majani yaliyofungana, moja ndani ya jingine, yamejaa maji. Shina la kweli limo ardhini: ni kisiki kinene chenye macho, na katika macho hayo hutoka machipukizi. Shina likiisha kuzaa mkungu wake mmoja, hufa. Kisiki hakifi. Kwa hiyo shamba la migomba lafiwa kila mwaka na kuzaliwa kila mwaka, na likitunzwa vizuri laupita umri wa mtu.

Asili ya ndizi ni Asia. Zilivuka bahari na kuingia Afrika zamani sana, kabla ya misafara ya Waarabu na kabla ya Wazungu. Lakini katika nchi za maziwa makuu wakulima walizichagua na kuzizidisha kizazi baada ya kizazi, hata leo kuna aina ambazo kwao ni huku kwetu tu: Kivu, Rwanda, Burundi, Uganda na Kagera. Mmea huu ulikuja mgeni, nao umekuwa mwenyeji kuliko wengi wetu.

Kabare tulimkuta mzee mmoja akisafisha migomba yake, nasi tukamwomba atuonyeshe kazi. Alituambia: «Wanangu, katika kila kisiki nawaacha watu watatu tu: mama, binti na mjukuu.» Mama ndiye mwenye mkungu sasa. Binti ndiye atakayefuata. Mjukuu angali na majani membamba kama ncha ya mkuki. Machipukizi mengine yote mzee huyang'oa angali madogo, au huwapa jirani. Wengi huyaonea huruma, wakaacha sita au saba katika kisiki kimoja. Mwisho wake hupata mikungu ambayo mtoto aweza kuichukua kichwani bila kata. Mzee yule hana huruma hiyo. Tuliihesabu migomba yake iliyokuwa na mikungu, halafu tukaitazama ile ya ng'ambo ya kijito, tukaona nani ana haki.

Atakaye kupanda upya na achimbe shimo la sentimeta 60 kwenda chini na 60 kwa upana, aache mita 3 hivi kati ya shimo na shimo. Udongo wa juu auweke upande mmoja, auchanganye na samadi ya ng'ombe au ya mbuzi, na huo ndio urudi kwanza. Chipukizi litoke katika kisiki kizima chenye afya. Lichongwe mizizi yake yote ya zamani kabla ya kupandwa, kwa maana katika mizizi hiyo hujificha minyoo na mafunza ya fukusi. Majani makavu na mashina yaliyokwisha kuzaa yasitupwe njiani: yatandazwe chini. Mgomba hupenda kula mwili wake wenyewe.

Sasa neno juu ya aina. Migomba mingi ya Bushi ni ya kasiksi. Hatutaki kugombana na kasiksi: hapa hakuna arusi, wala mahari, wala mapatano ya shamba yaliyofanyika kwa koo kavu. Lakini nyumba yenye migomba ya pombe peke yake, watoto watakula nini mezani? Pombe huuzwa, na fedha zake zajua njia nyingi za kutorudi nyumbani. Kwa hiyo twawapenda akina mama wale wanaochomeka migomba ya kupika karibu na jiko, mahali maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, na mmoja au miwili ya kamaramasenge, zile ndizi fupi tamu ambazo mtoto hula bila kuombwa. Wengine wanayo Yangambi Km 5. Jina hilo lilitoka katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi, kando ya mto Kongo, na sifa yake ni kustahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, uliodhoofisha aina nyingine nyingi.

Kuna ugonjwa mwingine ulio mkali zaidi, nao ni mnyauko. Ulijulikana kwanza Ethiopia katika enseti, mmea ulio ndugu ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo katika Kivu ya Kaskazini, upande wa Masisi. Baadaye ukateremka mpaka kwetu Kivu ya Kusini. Majani hugeuka manjano na kulegea kama yaliyopitiwa na moto. Ndizi huiva kabla ya siku zake, na ukizikata, ndani zina rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Kazi hiyo yote ni ya bakteria. Wadudu huzibeba kutoka ua hadi ua, lakini mchukuzi mbaya kuliko wote ni panga la mwenye shamba, litokalo katika mgomba mgonjwa na kuingia katika mgomba mzima.

Yafaa kufanya hivi. Chane ya mwisho ikiisha kutokea, chukua mti mrefu wenye panda, ulivunje ua dume, lile la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Usilikate kwa kisu. Panga lipitishwe motoni kila mara uhamapo kutoka kisiki hadi kisiki. Zamani wakulima waliambiwa kung'oa kisiki chote na kukifukia, kazi ya kuvunja mgongo, na wengi walikata tamaa wakaacha. Wataalamu walikuja kutambua kwamba ugonjwa haushiki machipukizi yote ya kisiki kimoja. Basi shina lililougua likatwe peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, na mengine yaangaliwe kila juma. Atakayekata bila kuchoka ataliokoa shamba lake.

Tena jambo moja juu ya migomba, kabla hatujaiacha. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwafukuza watu wengi majumbani mwao, na tena mwezi wa Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipouingia mji wa Bukavu, familia nyingi zilikimbia. Maharagwe hayamngojei mtu. Aliyerudi baada ya miezi mingi alikuta shamba la jembe limekuwa pori, lakini nyuma ya nyumba migomba ilikuwa ingali hai, imesongamana kama watoto wasio na mama, na katikati ya msongamano ule mkungu mmoja au miwili. Wengi walikula hiyo siku ya kwanza.

Ua na mlango

Bustani ya kukaa ina mipaka yake, nayo pia ni mimea. Katika nchi zetu za maziwa makuu mpaka wa zamani haukuwa jiwe wala waya. Ulikuwa msale, mmea wa majani marefu ya kijani ambao, ukichomekwa popote, hushika mizizi na haufi upesi. Mtu aweza kusogeza jiwe usiku. Kuhamisha mstari wa misale ya miaka 20 ni jambo jingine. Tanzania, Wachaga wa Kilimanjaro huuita isale, na mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Twaona ni vema kwamba mmea ule ule uliotenga mashamba wajua pia kupatanisha watu.

Mti mwingine wa uani ni mwamba-ngoma, ambao Wanyarwanda huuita umuko. Una miiba, na wakati wa kiangazi, ukiwa hauna jani hata moja, huvaa maua mekundu kama makaa ya moto. Wazee walimsimulia Lyangombe, yule mwindaji mkuu aliyepigwa pembe na nyati akafia chini ya mti huo. Ndiyo sababu uliheshimiwa katika ibada zake, kule Rwanda na hata huku Bushi. Ibada hiyo imekwisha katika nyumba nyingi. Mti umebaki, nao haukutenda dhambi yo yote. Kata tawi nene la urefu wa mtu, lichomeke mwanzoni mwa mvua, nalo litachipuka. Zaidi ya kuwa ua, huulisha udongo kwa mizizi yake, kama mimea yote ya jamii ya maharagwe.

Karibu na mlango wa jikoni utaona mubirizi. Majani yake ni machungu mno. Kila mtoto wa Kivu aliyepata kuumwa tumbo aujua uchungu huo, na hasemi habari zake kwa furaha. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale, mwaka 1987 mtaalamu Michael Huffman pamoja na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike, jina lake Chausiku, aliyekuwa mgonjwa na mnyonge. Alivunja matawi machanga ya mti huu, akayamenya gome, akatafuna na kufyonza maji ya ndani, na majani akayaacha. Siku ya pili alikuwa amepata nguvu. Habari hiyo iliandikwa katika vitabu vya wataalamu mwaka 1989. Mzee Kalunde hakushangaa, maana watu wake waliujua mti huo kuwa dawa. Lakini hatusemi kwamba mtoto mwenye homa kali apewe mubirizi na kulazwa: huyo apelekwe dispensari siku ile ile.

Juu ya maua tutasema kidogo, ingawa yako watu watakaotununia. Bukavu ni mji wa bugenvilea. Mmea huo ulitoka Brazil, na kile kinachong'aa, chekundu au cha zambarau, si ua bali ni majani yaliyobadili rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilicho katikati. Katana, katika vijito viteremkavyo ziwani, tuliona maua ya arumu, meupe kama bakuli la maziwa, ambayo wasichana huyakata Jumamosi kwa ajili ya altare. Baba mmoja alituuliza, maua yanaliwa? Hayaliwi. Lakini twajua nyumba fulani maskini sana, ukutani mna nyufa, na mlangoni mna kichaka cha bugenvilea. Kila apitaye huijua kuwa nyumba ya fulani, na watoto wake hawaoni haya kuwaleta wenzao wa shule.

Kivuli chenye kuzaa

Kutoka Kabare njia hushuka taratibu mpaka Katana, na ziwa huonekana upande wa mkono wa kuume, katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hapa udongo ni mzuri, na hewa haina baridi ya Kabare. Hapa mti wa avoka hukua kama mwerezi.

Avoka ilitoka Mexico na nchi za jirani zake. Mtoto hula tunda, atupa kokwa nyuma ya jiko, na mti huota wenyewe. Ndiyo maana wengi hufikiri hauhitaji kazi. Uliotoka katika kokwa wakawia miaka 5 au 7, hata zaidi, kabla ya kuzaa, na tena huwezi kujua matunda yatakuwaje, maana mtoto hafanani na mama. Uliobandikwa kikonyo cha mti mwema huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na matunda ni yale yale ya mti uliouchagua. Kubandika si uchawi: kisu kikali, ukanda wa plastiki, na mkono usiotetemeka. Kijana wa shule aweza kujifunza kwa siku moja, na ni kazi ya kumpatia fedha. Mti usipandwe mahali maji yanaposimama, kwa maana mizizi yake huoza. Wala usipandwe karibu na nyumba. Avoka moja liangukapo usiku juu ya mabati huamsha mpaka jirani.

Chini ya avoka na kati ya migomba ndipo mahali pa mkahawa. Wetu wa hapa ni arabika. Mche huzaa baada ya miaka 3 hivi, nao ukikatwa matawi kwa akili, hudumu miaka 30 na zaidi. Wakulima wengi wamezoea kuutenga peke yake juani. Lakini utafiti uliofanywa Uganda na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mkahawa na mgomba katika shamba moja humpa mwenye shamba fedha nyingi kuliko kila mmoja peke yake, kwa sababu mkahawa hauzai pungufu sana, na ndizi ni nyongeza. Kwa mwenye nusu hekta, na wengi wa Bushi hawana hata hiyo, habari hii si ndogo.

Mkinini nao upo, kwa yule mwenye subira. Ulitoka milima ya Amerika ya Kusini, na hapa Kivu ulipandwa tangu miaka ya 1930. Gome lake hutoa kinini, dawa ya malaria. Lakini mavuno yake ni ya miaka mingi, na mnunuzi ndiye apangaye bei. Twashauri kuanza na avoka.

Shamba la mwenyewe na shamba la kukodi

Mpaka hapa tumesema kana kwamba kila mtu aweza kupanda apendacho. Walungu tulijifunza jambo jingine.

Huko tulimkuta mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne. Shamba lake lilikuwa safi, maharagwe yamesimama mistari mistari, lakini nyuma ya nyumba yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Katika Bushi, nyumba bila mgomba ni kama mtu bila shati. Tulidhani ni ugonjwa wa mnyauko, tukamwuliza.

«Hapana, ndugu zangu,» alijibu. «Hapa ni bwasa.»

Kwa wasomaji wasio Bashi, yafaa tueleze. Kwa desturi ya Bushi mtu hupewa ardhi na mwami, au na mkubwa aliye chini ya mwami, kwa kutoa kalinzi, yaani ng'ombe au mbuzi. Aliyetoa kalinzi ana haki ya kukaa, na watoto wake humrithi; huyo apanda migomba na miti, hakuna wa kumwuliza. Bwasa ni kukodi tu. Mwenye kalinzi humpa mwenzake kipande cha shamba kwa msimu au kwa mwaka, naye hulipwa fedha, au pombe, au siku za kazi. Sharti moja la bwasa lajulikana na wote: usipande mmea wa kukaa. Maharagwe, ndiyo. Mtama na viazi vitamu, ndiyo. Mgomba, mkahawa, mti: hapana. Kwa maana kwa desturi yetu mwenye mti ana neno juu ya udongo ulioushika mti. Aliyekuacha upande mgomba leo, kesho mwanao atamwambia mwanawe: Huu ni mgomba wa baba.

Mama yule alikuwa amechomeka mche mmoja wa avoka, nyuma ya jiko. Ulipofika magotini mwenye shamba alikuja akaung'oa. «Hakunikasirikia,» alisema mama. «Aling'oa polepole, akauweka hapo kando, akaniambia: Mama, nitakuachia shamba, lakini hili siwezi.»

Tulitafakari neno hilo njia nzima. Mwenye shamba si mtu mbaya. Ardhi ya Bushi imekuwa haba sana, na sababu zake ni za zamani. Tangu mwaka 1928 Comité National du Kivu ilianza kuwagawia walowezi Wazungu mashamba makubwa ya kahawa, chai na mkinini. Baadaye sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Taifa. Wenye fedha na wenye kujua ofisi wakapata karatasi za vilima ambavyo wengine walikuwa wakiishi juu yake. Watu waliongezeka, vipande vikakatwa tena na tena kati ya wana. Kwa hiyo mwenye kalinzi huogopa, naye ana sababu.

Lakini hofu hiyo yatugharimu sote. Mkodi hatii samadi shambani, kwa sababu hajui kama atalima hapo mwakani. Nani hutengeneza paa la nyumba ya mwingine? Hapandi kizuizi cha majani kwenye mteremko. Mvua ya Novemba hulichukua vumbi jeusi, ule udongo wa juu ulio chakula chenyewe, na kulipeleka mtoni. Baada ya miaka 10 shamba lililolindwa kwa mkodi limeibiwa na maji. Hapo ndipo tunapomlaumu mwenye shamba, kwa heshima.

Twaona mambo mawili yawezekana. La kwanza ni maandishi. Mwenye shamba na mkodi waandikiane mbele ya mashahidi wawili na mkubwa wa kilima, kwamba miti fulani, kwa idadi, yapandwa na mkodi, lakini ni mali ya mwenye shamba. Kwamba matunda yagawanywa nusu kwa nusu kwa miaka kadha. Kwamba mti hautakuwa ushahidi wa kudai ardhi. Karatasi moja, nakala mbili, na kidole cha asiyejua kuandika. Mwenye shamba apata miti bila jasho, mkodi apata kula. Hasa mjane yafaa awe na nakala yake, aitunze pamoja na karatasi za ubatizo za watoto. Wakikodi kwa maneno tu, mkataba hufa pamoja na mume.

La pili ni kuchagua mimea iliyo kati, si ya kupita wala si ya kukaa kweli, ambayo mwenye shamba hataiogopa. Marakuja hupanda juu ya jiko, huzaa kabla mwaka haujapita sana, na huzeeka baada ya miaka michache. Mgogwe, yaani nyanya ya mti, ile ambayo watu wa Bukavu huiita prini, huzaa mwaka wa pili na haudumu. Mateke hupenda mahali penye maji. Mananasi, yale yaliyokipa sifa kisiwa cha Idjwi, huzaa na kuacha watoto pembeni. Mchaichai huota hata katika debe bovu, na debe hubebwa siku ya kuhama. Na matete yapandwe kwa mistari iliyokingama mteremko: yashika udongo na kulisha mbuzi, na hatujasikia kwamba mtu amedai ardhi kwa ajili ya matete.

Mama wa Walungu alisikiliza, halafu akatuongoza mpaka upande wa pili wa jiko. Hapo tayari palikuwa na mche wa marakuja, umefungiwa uzi wa gunia kwenye mti wa paa, wenye majani saba. Alitaka kujua kama mgogwe huota kwa mbegu au kwa tawi. Huota kwa vyote viwili: wa mbegu hurefuka na kusimama wima kabla ya kuachia matawi, wa tawi hubaki mfupi wenye matawi chini, nao huwahi kuzaa. Kwa mahali penye upepo kama pale kwake, wa tawi ndio bora. Likatwe tawi la mwaka mmoja, la unene wa kidole gumba, lichomekwe Septemba mvua zikianza, na maua ya kwanza yaondolewe ili mti upate nguvu.